Je, wajua kwa nini sindano ya minyoo ya mbuzi humuua kobe?

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, nyumbani Chikongola, Mtwara mjini, kobe wetu alikunya chini ya mwembe na kinyesi kikawa kinatembea. Nilipoinama nikaona vijiuzi vyeupe, vifupi kuliko punje ya mchele, vikijinyonganyonga kwa mamia. Ndani kulikuwa na chupa ya ivermectini iliyobaki baada ya kuwachoma mbuzi. Hesabu yangu ikawa fupi: minyoo ni minyoo, dawa ni dawa, na kobe kwa kuwa ni mdogo apewe kidogo.

Mzee jirani, bwana mifugo mstaafu, alinikuta nimeshavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Mwanangu, hiyo ukimchoma hutamwona akitembea tena."

"Mzee, mbona hii hii wanatugawia sisi watu?"

Na kweli wanatugawia. Waliowahi kupanga foleni ya kingatiba ya matende na mabusha, Mtwara au Lindi, wameimeza: mgawa dawa anakusimamisha kando ya fimbo yenye alama, urefu wako unaamua idadi ya vidonge vya ivermectini, na albendazoli juu yake. Dawa yenyewe chimbuko lake ni bakteria wa udongo wa Japani, na mwaka 2015 iliwapa Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel. Inayofaa kwa mbuzi, ng'ombe na binadamu itamdhuru vipi mnyama anayebeba ngome mgongoni? Nilibisha hivyo mpaka chai ikapoa.

Kosa lilikuwa na tabaka mbili. La kwanza, vile vijiuzi havikuwa lazima viwe ugonjwa. Vilikuwa minyoo wa jamii ya oksiuridi, na kobe wengi wazima kabisa wanao kwenye utumbo mpana. Mwaka 1963 mtafiti G. A. Schad alieleza jinsi aina kadhaa za minyoo hao zinavyogawana utumbo wa kobe mmoja: wengine karibu na ukuta, wengine katikati, wengine mbele, wengine nyuma. Ni mji uliopimwa viwanja. Wapo wanaosema minyoo hao humsaidia kobe kwa kuvurugavuruga majani magumu yasagike, lakini ushahidi wa hilo ni mwembamba, nami sitaapa. Wa kuogopwa zaidi ni yule mrefu mweupe kama tambi, jamii ya askaridi, anayeweza hata kuziba utumbo.

Tabaka la pili ni dawa, na hapa tusiende haraka.

Neva hufanya kazi kwa umeme mdogo. Kwenye ukuta wake kuna vijilango vya kupitisha kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi ya kawaida. Kijilango kikifunguka, kloridi inaingia na neva inatulia. Kikifungwa, kazi inaendelea. Ivermectini ni kabari: mlango umefunguka, haurudi. Mnyoo koo linapooza, hanyonyi wala hajishikilii, anasombwa na kinyesi. Vijilango vya mnyoo ni vya aina ambayo mbuzi hana. Ila mbuzi, kama wewe na mimi, ana vya ukoo wa karibu ndani ya ubongo, na kabari ikifika huko inaingia vilevile. Kinachotuokoa ni kwamba haifiki kwa wingi.

Haifiki kwa nini? Mfikirie mvuvi wa Mikindani kwenye ngalawa inayovuja. Maji yanaingia, lakini mkononi ana upo. Anayachota, anayamwaga, chombo kinaelea. Kwenye mishipa ya damu ya ubongo wetu kuna protini yenye kazi ya upo: ivermectini inayopenya inachotwa na kurudishwa kwenye damu. Huu si ushairi tu. Mbwa wengi wa Uskoti aina ya Collie huzaliwa na kasoro kwenye jeni ya protini hiyo. Wako baharini bila upo, na dozi ambayo mbwa wengine huivumilia inaweza kuwatia koma.

Kwa kobe, dhana inayotajwa sana ni kwamba naye upo wake ni dhaifu. Hiyo bado ni dhana, lakini madhara hayana ubishi. Mwaka 1983 watafiti Teare na Bush waliripoti kobe waliopooza kwa ivermectini. Wepesi wa kudhurika kuliko wote walikuwa wale wenye madoadoa kama ya chui, ambao wanaishi pia Tanzania: walilegea hata kwa miligramu 0.025 kwa kilo, moja ya nane ya kipimo cha kawaida cha mbuzi. Hesabu yangu ya "kidogo" ingemuua. Na ngome ndiyo inayommaliza, kwani mbavu zimeungana na gamba, kifua hakitanuki, hewa anaivuta kwa misuli ya tumbo na miguu. Misuli ikilegea, pumzi inakwisha.

Dawa inayotumika zaidi kwa kobe ni fenbendazoli, ya kunywa, inayoharibu nguzo za ndani ya seli za mnyoo mpaka afe njaa. Haina haraka, na kobe mwenyewe chakula humkaa tumboni siku nyingi, hivyo matokeo huhesabiwa kwa wiki. Nayo si maji: kuna kobe walioshuka chembe nyeupe za damu baada ya kupewa. Kipimo aseme daktari wa mifugo, baada ya kinyesi kupimwa. Kukipima ni rahisi: kinakorogwa kwenye maji ya chumvi nyingi, mayai ya minyoo yanaelea, yanatazamwa kwa hadubini. Mtwara pana kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

(Kobe wetu tulimrithi kwa babu. Kisheria ni mnyamapori, na kumfuga kunataka kibali.)

Yule mzee aliuliza swali moja tu: anakula? Alikuwa anakula, tena majani ya mihogo ya jirani. Akaniambia porini kobe anakunya na kuondoka, ila uani kwetu anarudi kula palepale, anameza mayai ya minyoo wake upya kila siku. Kisha akanipa ufagio.