Vita vya angani si kufukuzana: dhana potofu kuhusu rubani wa ndege ya kivita

Siku ya gwaride la Uhuru, ndege za kivita zikipita juu ya uwanja, hakuna anayebaki ameangalia chini. Ndege imeshapita, mlio ndio unafika, na kifua kinatetema. Jioni yake vijiweni mazungumzo ni yale yale: rubani wa ndege kama ile akikutana na adui wanafukuzana mawinguni hadi mmoja aungue, mwenye ndege ya kasi ndiye mshindi, kombora likishaachiwa halikosi, na mambo yakiharibika anabonyeza kitufe na kushuka salama kwa parachuti.

Karibu yote hayo si kweli. Nitatumia zaidi Vita vya Vietnam, kwa sababu marubani wa pande zote mbili walibaki hai wa kutosha kusimulia, na hesabu za ndege zilizopotea ziliandikwa. Mahali pawili nitagusa Kagera, maana anga letu nalo limeshuhudia haya.

"Adui wa rubani ni rubani mwenzake"

Jeshi la Anga la Marekani lilipoteza zaidi ya ndege 1,700 kwa mashambulizi ya adui katika vita vile. Zilizotunguliwa na ndege za MiG, yaani ndege za kivita za Kisovieti walizorusha Wavietnam wa kaskazini, ni 67. Makombora ya ardhini yaliangusha 110 hivi. Sehemu kubwa ya zilizobaki zilianguka kwa mizinga na risasi kutoka ardhini, silaha ambazo watu wengi hawazifikirii kabisa wanapotaja vita vya angani.

Ndege ya Kimarekani iliyoumia kuliko zote ni F-105. Zilitengenezwa 833, na zaidi ya 380 ziliishia Vietnam na nchi za jirani. Rubani wake alitakiwa kumaliza safari 100 juu ya Vietnam Kaskazini ndipo arudishwe nyumbani, na kazi yake haikuwa kuwinda MiG. Alibeba mabomu, akashuka kwa mwinamo kuelekea daraja au ghala, na katika sekunde zile za kulenga hakuweza kupinda kulia wala kushoto, la sivyo bomu lingekosa. Wapiga mizinga waliokuwa chini walilijua hilo. Hawakuhitaji hata kumlenga yeye. Walijaza risasi kwenye kipande cha anga ambacho lazima apitie.

Halafu kuna kombora la Kisovieti la SA-2, lenye urefu wa zaidi ya mita 10, ambalo marubani walilifananisha na nguzo ya simu inayoruka. Ukilikimbia umekwisha, kwa sababu lina kasi kukushinda kwa mbali. Marubani walifundishwa kufanya kile ambacho mwili wote unakikataa: geuza pua ya ndege kulielekea, shuka nalo, subiri, subiri tena, kisha vuta usukani kwa nguvu dakika ya mwisho. Kwa kasi ile mabawa yake madogo hayawezi kukata kona kali kama ya ndege. Ukivuta mapema linakufuata, ukichelewa hupati nafasi ya pili.

Tarehe 10 Mei 1972, rubani wa Kimarekani Randy Cunningham na mwenzake wa kiti cha nyuma, Willie Driscoll, waliangusha MiG-17 tatu kwa siku moja. Ndiyo aina ya siku ambayo watu wanaiwaza. Wakiwa njiani kurudi, SA-2 iliwapiga, na wakaokotwa baharini.

Hatari nyingine inatoka kwa watu wako mwenyewe. Mwaka 1978, vita na Idi Amin vilipoanza, ndege tatu za kivita za Tanzania ziliangushwa na walinzi wetu wenyewe wa anga huko Musoma. Hakukuwa na Mganda hata mmoja hapo. Mtu mwenye kombora chini anaona kidoa kinachokuja kwa kasi, hana muda wa kuuliza, na mji uko nyuma ya mgongo wake. Marubani wale walikwenda vitani kama wengine wote, na nadhani tumewasahau mapema mno.

"Kasi ndiyo ushindi"

Phantom ya Kimarekani, F-4, iliweza kupita mara mbili kasi ya sauti. MiG-17 ya Wavietnam haikufikia kasi ya sauti katika mruko wa kawaida. Kwa hesabu za vijiweni, hapo hakuna pambano. Na bado tarehe 4 Aprili 1965, karibu na daraja la Thanh Hoa, MiG-17 ziliangusha F-105 mbili, ndege ambazo nazo zingeweza kuziacha mbali kabisa kama mashindano yangekuwa ya kukimbia.

Sababu ni kona. Ndege yenye kasi kubwa inahitaji uwanja mpana kugeuka, kama lori lililojaa mzigo kwenye mzunguko wa barabara. MiG-17 nyepesi iligeuka ndani ya duara dogo, na mara ikawa nyuma yako. Nguyen Van Bay, mkulima kutoka Dong Thap kusini mwa Vietnam aliyejiunga na jeshi la kaskazini, anahesabiwa na nchi yake kuwa alitungua ndege 7 kwa MiG-17. Alipostaafu alirudi kulima.

Ila kona nayo si jambo la kwanza. La kwanza ni macho. Marubani huigawa anga kama uso wa saa: pua ya ndege ni namba 12, mkia ni namba 6. (Kwetu tunaosoma saa kwa Kiswahili inabidi kufikiri mara mbili, maana ni namba zilizochapwa zinazotajwa, si saa tunayotamka.) Anayekuua huja kutoka namba 6, na waliotunguliwa wengi hawakuwahi kumwona aliyewapiga. Hakuna kufukuzana hapo. Ni mtu mmoja anayeangalia mbele sekunde chache kupita kiasi.

Phantom ilikuwa na kasoro kubwa katika hilo, kwani injini zake zilitoa moshi mweusi ulioonekana kutoka kilomita nyingi. MiG ni ndogo, haitoi moshi kama ule, na ikikujia pua kwa pua ni kitone tu kwenye kioo. Ndiyo maana marubani walikuwa wanakunja shingo bila kupumzika, kulia, kushoto, nyuma, tena nyuma.

"Kombora likiachiwa halikosi"

Viongozi wa Marekani waliamini hivyo pia. Phantom za kwanza zilijengwa bila mzinga wa ndani, kwa imani kwamba zama za risasi zimepita. Kisha vita vikaja. Kati ya makombora 10 ya aina ya Sparrow, yaliyoongozwa na rada, takriban 1 tu ndilo lililoangusha ndege. Mengine hayakuwaka au yalipotea, na mengine yalirushwa wakati adui ameshaanza kugeuka. Tena mara nyingi rubani alikatazwa kurusha kabla ya kuiona ndege kwa macho yake, asije akamwangusha mwenzake. Akifika karibu kiasi cha kuitambua, kombora lililotengenezwa kwa masafa marefu halina nafasi ya kufanya kazi.

Toleo la F-4E likaja na mzinga ndani yake. Jeshi la Majini nalo lilifungua shule ya mapigano ya angani huko Miramar, California, Machi 1969, ili marubani wajifunze upya kupigana kwa macho na kona. Matokeo ya marubani wao yalibadilika sana baada ya hapo.

Niliahidi kugusa Kagera mahali pawili, na hapa ni pa pili: hata mabomu hukosa. Mwaka 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ya aina ya Tu-22 ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yakaukosa mji mzima na kuangukia hifadhi ya Kisiwa cha Saanane, yakaua swala.

"Ni kukaa tu na kubonyeza vitufe"

Kichwa chako na kofia ya rubani vina uzito wa kilo 6 au 7 hivi. Ndege ikikata kona kali ya G 6, yaani kona inayofanya kila kitu kiwe kizito mara sita, kichwa hicho kinakuwa na uzito wa kilo 40. Sasa jaribu kukigeuza kuangalia mkia. Mkono ulioegemea pajani haunyanyuki kirahisi. Damu inashuka miguuni, na kitu cha kwanza kukosa damu ni macho: rangi zinapotea, kila kitu kinakuwa kijivu, kisha unaona kama kupitia bomba, kisha giza. Ukiendelea kuvuta unazimia, na ndege inakwenda bila mtu.

Kuna suruali maalumu inayojaa hewa na kuyabana mapaja na tumbo, lakini nusu ya kazi ni ya rubani mwenyewe. Anakaza miguu, matako na tumbo kwa nguvu zote, anabana pumzi, anaitoa na kuvuta nyingine kwa haraka, anabana tena, kila sekunde tatu hivi. Huku anaongea redioni. Huku anamtafuta adui. Anashuka kwenye ndege nguo zimelowa kama aliyetoka kupakua mzigo bandarini.

"Hofu kubwa ni risasi"

Hofu inayomsindikiza rubani tangu anapaa ni mafuta. Phantom ikiwasha moto wa ziada, ule unaonyunyiza mafuta nyuma ya injini, tangi zake za ndani zinaweza kukauka katika muda usiozidi robo saa. Kwa hiyo mapambano mengi yaliisha kwa sababu mmoja aliangalia kipimo na kuondoka. Hakushinda wala hakushindwa, alitaka tu kufika kwenye ndege ya kujaza mafuta inayozunguka mbali na vita.

Tarehe 10 Machi 1967 Phantom mbili zilipigwa na mizinga ya ardhini zikienda kushambulia kiwanda cha chuma cha Thai Nguyen. Ndege ya Earl Aman na Robert Houghton ilivuja mafuta kiasi kwamba isingevuka kufika Laos. Kujirusha kwa parachuti hapo kulikuwa na maana ya kutekwa. Ndege ya Bob Pardo na Steve Wayne nayo ilikuwa imejeruhiwa, ila ilibaki na mafuta zaidi.

Pardo alimwambia Aman ateremshe ndoano ya mkiani. Phantom ilibuniwa kwa ajili ya meli za kubebea ndege, hivyo ina ndoano imara chini ya mkia ya kunasa kamba wakati wa kutua. Pardo akaingia chini yake polepole, akaegemeza kioo chake cha mbele kwenye ndoano ile, akasukuma. Ndoano ilikuwa inateleza kila baada ya sekunde 15 hadi 30. Anarudi nyuma, anajipanga upya, anaigusa tena, anasukuma. Kioo kikaanza kupasuka mbele ya macho yake, akahamishia ndoano kwenye chuma chini ya kioo. Kisha injini yake ya kushoto ikashika moto. Akaizima, akaendelea kusukuma kwa injini moja.

Walifika juu ya Laos. Wote wanne waliruka, wote wanne wakaokolewa. Pardo hakupewa medali aliporudi. Alikaripiwa kwa kupoteza ndege. Medali ya Silver Star ilikuja 1989, miaka 22 baadaye.

"Mambo yakiharibika, unaruka"

Kiti cha kujirusha ni roketi. Kinamtupa mtu nje kwenye upepo wa mamia ya kilomita kwa saa, na uti wa mgongo ndio unaobeba mshtuko. John McCain, aliyepigwa na kombora juu ya Hanoi tarehe 26 Oktoba 1967, alivunjika mikono yote miwili na mguu wakati wa kujirusha, akaangukia ziwa la Truc Bach katikati ya mji. Alikaa mfungwa zaidi ya miaka mitano. Everett Alvarez, aliyetunguliwa Agosti 1964, alikaa zaidi ya miaka minane.

Na wenzako wanajua papo hapo. Parachuti ikifunguka, kifaa kidogo huanza kutuma mlio wa dharura kwenye masafa ambayo kila rubani anayasikia. Kwa hiyo kila aliyekuwa angani aliusikia mlio ule ndani ya kofia yake, huku bado ana mabomu ya kuangusha na makombora ya kukwepa. Nikiulizwa vita vya angani vina sura gani, nafikiria mlio huo kabla ya moshi na mabawa.

"Rubani ni shujaa wa peke yake"

Mmarekani aliyehesabiwa ndege nyingi kuliko wote Vietnam hakuwa ameshika usukani. Charles DeBellevue, mwenye ndege 6, alikaa kiti cha nyuma akisoma rada. Tarehe 2 Januari 1967, Phantom kutoka kambi ya Ubon nchini Thailand zilipojifanya ni F-105 zenye mabomu, kwa njia zile zile na kasi ile ile, ili kuzitoa MiG mafichoni, zilirudi zikidai MiG-21 saba. Aliyeongoza ni Robin Olds, mwenye miaka 44. Kundi jingine liliongozwa na Daniel James, Mmarekani mweusi ambaye mwaka 1975 alikuwa wa kwanza wa rangi yake kuwa jenerali wa nyota nne. Nyuma yao kulikuwa na mafundi, wasoma rada, marubani wa ndege za mafuta, na wale wa helikopta ambao kazi yao ilikuwa kwenda polepole, chini chini, mahali ambapo ndege ya kasi ilikuwa imeshindwa kupita.

Septemba 2017 marubani wa zamani wa Vietnam walisafiri hadi San Diego, wakakutana na Wamarekani waliopigana nao, kwenye makumbusho yaliyo ndani ya meli ya USS Midway, moja ya meli ambazo ndege za kuwashambulia zilipaa kutoka juu yake.