Wakala wa Vitabu vya Kikristo Anatafuta Nini Katika Mswada Wako

Waandishi wengi wa Kikristo wanapopata jibu la kukataliwa kutoka kwa wakala hudhani kuwa imani yao ndiyo iliyokataliwa, au kwamba biashara ya vitabu imefika mahali pa kutolijali tena neno la Mungu. Dhana hiyo huwaumiza bure, na kibaya zaidi huwazuia kurekebisha kile kinachorekebishika. Katika kazi yetu ya kuwafunza waandishi na kuwasomea miswada kabla haijatumwa, tunaona kwamba mara nyingi chanzo cha kukataliwa hakiko katika imani ya mwandishi wala katika ukweli wa ujumbe wake. Kiko katika swali moja ambalo pendekezo lake, yaani maelezo ya kitabu anayomtumia wakala, halikulijibu: ukimwondoa aliyekiandika, nani anakihitaji kitabu hiki?

Ili kuelewa kwa nini swali hilo lina uzito kiasi hicho, ni lazima kwanza tujue wakala anapata wapi riziki yake. Huyu ni mtu anayemwakilisha mwandishi mbele ya kampuni za uchapishaji, anayejadili mkataba kwa niaba yake, na anayelipwa kutokana na kile anacholipwa mwandishi. Kiwango kilichozoeleka ni asilimia 15, na kwa haki za tafsiri zinazouzwa nchi za nje mara nyingi hufika asilimia 20, kwa kuwa hapo hugawana na wakala mwenzake wa nchi husika. Asipouza mswada, halipwi kitu. Nchini Marekani, ambako soko la vitabu vya Kikristo ni kubwa na kazi hii imekomaa, kampuni kama Zondervan, Thomas Nelson, Tyndale House na Bethany House kwa kawaida hazipokei mswada unaotumwa na mwandishi mwenyewe bila kuombwa. Husubiri uletwe na wakala, au mhariri awe amekutana na mwandishi huyo katika kongamano la waandishi.

Mhariri naye akishaupenda mswada hana mamlaka ya kuununua peke yake. Huupeleka katika kikao cha uchapishaji, ambako huketi pamoja na watu wa mauzo, wa masoko na wa fedha, na wengi wao hawajasoma mswada wenyewe, wamesoma pendekezo tu. Watauliza kitabu kitawekwa kwenye rafu gani, nani atakinunua, mtu huyo atasikiaje habari zake, na kina tofauti gani na vile walivyokwisha kuvichapa. Wakala mzoefu husoma barua yako na pendekezo lako akiwa na kikao hicho akilini, na asipoyaona majibu ndani ya kurasa chache za kwanza, hujua kwamba mhariri naye hatakuwa na la kujibu.

Tuchukue mfano wa waandishi wawili wanaoandika juu ya msiba. Wa kwanza anaanza barua yake hivi: “Kitabu changu kinahusu faraja ya Mungu wakati wa majonzi, nacho kitamfaa mtu yeyote aliyewahi kufiwa.” Wa pili anaandika: “Kitabu changu ni cha mzazi aliyefiwa na mtoto, ambaye bado anahudhuria ibada kila Jumapili lakini hawezi tena kuimba, na anaona haya kumwambia mchungaji wake.” Imani yao ni moja, na huenda hata aya za Biblia wanazozitegemea ni zilezile, lakini barua ya pili tayari imemwonyesha wakala mambo mengi. Anamwona msomaji kwa macho. Anajua mhudumu wa kiroho wa hospitali anaweza kumpa mzazi wa namna hiyo kitabu hiki, na kwamba vikundi vya wafiwa vinaweza kukisoma pamoja. Anaweza hata kubashiri sura zitakazokuwamo na zile ambazo mwandishi amekuwa na busara ya kuziacha. Barua ya kwanza, kwa kutaka kumfaa kila mtu, haikumshika mtu yeyote.

Hapa ndipo tunapokutana na jambo nyeti, nalo ni waandishi wanaoandika kuwa Mungu amewaagiza waandike kitabu na kwamba wakala atakayekipokea atabarikiwa. Mawakala wengi wa vitabu vya Kikristo ni waumini, na hawana shida na wazo la wito. Hata hivyo, wito wa mtu haupimiki katika kikao cha uchapishaji, na kuutaja kama hoja ya mauzo humweka wakala mahali pagumu, kwa kuwa akikataa huonekana anampinga Mungu. Tena humtia shaka nyingine ambayo waandishi huwa hawaifikirii: mtu anayeamini kwamba kila neno la mswada wake limeteremka kutoka juu atamsikilizaje mhariri anayemwomba aiondoe sura ya tatu? Kazi ya uhariri ni ndefu na huchosha, na wakala anatafuta mwandishi atakayeivumilia kwa moyo mweupe. Wito wako uonekane katika jinsi ulivyoifanya kazi vizuri. Katika barua, zungumzia msomaji.

Aina ya mswada inayowafikia mawakala kwa wingi ni ushuhuda wa maisha, na ndiyo pia inayokataliwa kwa wingi. Ushuhuda unaotolewa kanisani kwa dakika kumi husikilizwa na watu wanaomjua msemaji, wanaompenda, na waliomwona alipokuwa katika shida. Msomaji wa kitabu hamjui mwandishi, na amefungua kurasa hizo kwa sababu ya maisha yake mwenyewe. Mswada unaoanza siku ya kuzaliwa, ukapita shule zote, ndoa, ugonjwa na uponyaji kwa mpangilio wa kalenda, humwachia msomaji kazi ya kutafuta ni nini kinachomhusu. Wakala hutafuta simulizi iliyojengwa juu ya swali moja zito ambalo msomaji naye analo, na matukio yaliyochaguliwa kwa sababu yanalisukuma mbele swali hilo. Hutazama pia jinsi ndugu, wenzi na viongozi wa dini waliotajwa walivyoelezwa, kwa kuwa watu hao wako hai, wana haki zao, na kampuni ya uchapishaji haitaki kufikishwa mahakamani kwa kashfa.

Mahubiri nayo yana mtihani wake. Mhubiri mwenye mahubiri mazuri kumi na mawili juu ya sala huona kwamba tayari ana kitabu chenye sura kumi na mbili, akayaandika kama yalivyorekodiwa. Wakala akifungua ukurasa wa kwanza anakuta “Ndugu zangu, mgeukie jirani yako umwambie, jirani, leo ni siku yako,” kisha sentensi moja iliyorudiwa mara tatu, kisha mwaliko wa kusema amina. Madhabahuni maneno hayo yana nguvu kwa sababu ya sauti, kituo na mwitikio wa waumini. Msomaji aliye peke yake hana jirani wa kumgeukia, na anaporudiwa jambo lilelile mara ya tatu huruka aya. Mbaya zaidi, kila hubiri lilijitosheleza siku lilipotolewa, kwa hiyo sura kumi na mbili zinaanza upya mara kumi na mbili bila hoja inayokua kutoka moja hadi nyingine. Mhubiri anayetaka kitabu inambidi ayaweke kando maandishi yale, ajiulize ni dai gani moja linaloyaunganisha yote, kisha aandike upya.

Matumizi ya Biblia husomwa kwa makini kuliko waandishi wengi wanavyodhani. Mfano ulio wazi ni Yeremia 29:11, aya inayoahidi mawazo ya amani wala si ya mabaya, ambayo miswada mingi ya kutia moyo huinukuu kama ahadi ya mafanikio ya haraka. Maneno hayo yamo katika barua iliyopelekwa kwa watu waliohamishiwa Babeli, na aya ya 10 inayotangulia inasema kwamba miaka 70 itatimia kwanza. Mwandishi anayeijua aya ya 10 ataandika kitabu chenye kina zaidi juu ya kungoja. Asiyeijua atajulikana mara moja kwa wakala na kwa mhariri, ambao wengi wao wamesoma teolojia. Sambamba na hilo kuna ulinganifu wa mafundisho. Kampuni nyingi za Kikristo zina tamko la imani au zimeshikamana na mapokeo fulani: Ignatius Press ni ya Kikatoliki, Concordia Publishing House ni ya Kilutheri, na nyingine ni za kiinjili. Wakala naye ana kampuni anazofanya nazo kazi, hivyo kumpelekea mswada usioendana nazo ni kujipotezea muda. Kwa mwandishi Mkatoliki, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka idhini ya askofu kwa vitabu vya katekisimu na vya sala, na ni vyema jambo hilo lifahamike mapema.

Haki za kunukuu nazo zisisahauliwe. Tafsiri nyingi za kisasa za Biblia zina mwenye hakimiliki. Tafsiri ya Kiingereza ya NIV, kwa mfano, inaruhusu kunukuu hadi aya 500 bila kibali cha maandishi, mradi zisifikie kitabu kizima cha Biblia wala asilimia 25 ya maandishi yote ya kitabu chako. Maneno ya nyimbo za sifa za siku hizi yana masharti makali zaidi, na kwa kawaida mkataba humtaka mwandishi mwenyewe atafute kibali na akilipie.

Baada ya mswada, wakala humtazama mwandishi. Neno linalowatisha wengi hapa ni idadi ya wafuasi katika mitandao ya kijamii, na ni kweli kwamba kampuni huuliza. Lakini tusiikuze idadi hiyo kupita kiasi. Muuguzi aliyewahudumia wagonjwa mahututi kwa muda mrefu, au mshauri wa ndoa anayeendesha semina katika makanisa mengi, ana njia ya kuwafikia wasomaji wake na ana mamlaka ya kuzungumza, hata kama wafuasi wake ni wachache. Orodha ya watu waliojiandikisha wenyewe kupokea barua pepe zako mara nyingi ina thamani kuliko umati unaopitisha macho kwenye picha. Eleza unachokifanya sasa. Ahadi za utakachofanya kitabu kikitoka hazina uzito mkubwa. Vivyo hivyo, usiseme kwamba askofu au mwimbaji mashuhuri atakisifia kitabu chako kama bado hujazungumza naye akakubali.

Pendekezo linatakiwa pia kutaja vitabu vichache vya karibuni vinavyofanana na chako, vilivyotoka ndani ya miaka mitano hivi, na kueleza tofauti. Kusema kwamba hakuna kitabu kama hiki duniani humfanya wakala aamini ama hukutafuta, ama wasomaji wa jambo hilo hawapo. Kujilinganisha na kitabu kilichouza mamilioni hakusaidii pia, maana hakuna anayeweza kupanga bajeti kwa kutegemea ajabu.

Riwaya zina utaratibu tofauti kidogo. Kitabu cha mafundisho kinaweza kuuzwa kwa pendekezo na sura mbili au tatu za mfano, lakini mwandishi mpya wa riwaya hutakiwa kuwa amemaliza mswada wote, ambao katika soko la Marekani huwa na maneno kati ya 80,000 na 100,000. Wakala huangalia kama imani imo ndani ya maamuzi ya wahusika au imebandikwa juu. Dalili ya kubandika ni ile sura ambamo hadithi inasimama, mzee mwenye hekima anatoa hotuba ya kurasa nne, na mhusika mkuu anaokoka bila kupoteza chochote. Msomaji wa riwaya ya Kikristo anataka kuona gharama ya toba: aliyeiba alirudishaje, aliyesema uongo alisimamaje mbele ya aliyemdanganya.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja, ifuate maelekezo ya wakala husika, na isiambatanishwe na kitu ambacho hakuomba. Unaruhusiwa kuwaandikia mawakala kadhaa kwa wakati mmoja ukiwaeleza hivyo. Jibu linaweza kuchukua miezi miwili au mitatu, na wengine hawajibu kabisa wasipovutiwa.

Wapo watu wanaotumia shauku ya waandishi Wakristo kuwatoza fedha, na jambo hili linatusikitisha sana, kwa kuwa mara nyingi huambatana na maneno ya maombi na baraka. Chama cha mawakala wa vitabu cha Marekani, AALA, kinawakataza wanachama wake kuwatoza waandishi ada ya kusoma miswada. Anayedai ada kabla ya kusoma, au anayekupeleka kwa kampuni inayotaka wewe ulipie uchapaji, anaishi kwa fedha za waandishi na hana haja ya kuuza kitabu chako.

Wakala akikubali kukuwakilisha, atakupa mkataba. Uliza ameuza vitabu gani vya aina yako na kwa kampuni zipi, fedha za mrabaha, yaani sehemu yako ya mauzo ya kitabu, zitapitia wapi na zitakufikia baada ya muda gani, na ni gharama zipi atakazokukata. Uliza pia utaratibu wa kuachana. Mikataba mingi huruhusu upande wowote kujitoa kwa taarifa ya maandishi ya siku 30 au 60, huku wakala akiendelea kupata asilimia yake kwa vitabu alivyokwisha kuviuza, na kifungu hicho kisomwe kabla ya kutia sahihi.