Ruzuku ya Serikali kwa Vikundi vya Wakulima: Itafutwe Wapi na Iombwe Vipi

Kazi yangu ni kuvisaidia vikundi vya wakulima na vya kijamii katika kaunti za Kisumu, Vihiga, Kakamega na Busia, magharibi mwa Kenya, kuandaa maombi ya ruzuku. Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi ni hili: tangazo litatoka lini? Ni swali la haki, lakini tangazo ni hatua ya mwisho mwisho. Kufikia siku linapobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya wadi au kusomwa redioni, serikali imekwisha kuamua ni shughuli gani zitakazofadhiliwa, katika wadi zipi na kwa vikundi vya aina gani. Kikundi kinachoanza kujiandaa siku hiyo hubaki na wiki chache za kufanya kazi iliyotakiwa kufanywa kwa mwaka mzima.

Kwanza mjue pesa mnazoziomba ni za namna gani. Hazina ya Uwezo, Hazina ya Wanawake, Hazina ya Vijana na Hazina ya Hustler hutoa mikopo. Uwezo haitozi riba, lakini pesa zake hurudishwa, na kikundi kilichozigawana kikidhani ni zawadi hujikuta kikidaiwa na kufungiwa milango mingine. Pesa zisizorudishwa hupatikana kwingine. NGAAF, hazina ya kitaifa inayoendeshwa kwa karibu na mwakilishi wa kike wa kila kaunti, hutoa ruzuku kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nalo husaidia vikundi vya watu hao kuanzisha shughuli za kiuchumi. Ama hazina ya maeneo bunge, NG-CDF, vikundi vingi hupoteza muda huko, kwa kuwa sheria ya hazina hiyo ya 2015 iliifungia kwenye majukumu ya serikali ya kitaifa, ilhali Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti jukumu la kilimo. Ombi la bwawa la samaki lililopelekwa katika ofisi ya mbunge limepelekwa pasipo pake, hata kama mbunge mwenyewe analipenda.

Kwa wakulima, pesa nyingi zaidi zimepitia miradi mikubwa inayotekelezwa na serikali kuu pamoja na kaunti. NARIGP, mradi wa kitaifa wa kilimo na maendeleo ya vijijini, ulifanya kazi katika kaunti 21, zikiwemo Vihiga, Bungoma na Nakuru. KCSAP, wa kilimo kinachostahimili mabadiliko ya tabianchi, ulifika katika kaunti 24, Kisumu, Siaya, Busia na Kakamega zikiwa miongoni mwazo. Baadaye ukaja NAVCDP, wa kuendeleza minyororo ya thamani ya mazao na mifugo, ulioidhinishwa mwaka wa 2022 kwa mkopo wa dola milioni 250 kutoka Benki ya Dunia. Wafugaji wa samaki wa ukanda wa ziwa wamekuwa na ABDP, mpango wa ufugaji wa samaki kibiashara unaofadhiliwa na IFAD, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya kilimo. Kila mradi wa namna hii una tarehe ya kufungwa, orodha ya kaunti na orodha ya mazao na mifugo iliyochaguliwa, kwa mfano maziwa, kuku, ndizi au kahawa. Kikundi cha nyuki kikiomba katika kaunti ambayo haikuchagua nyuki, hakitafaulu hata andiko lake la mradi liwe zuri namna gani. Tena pesa hizo ni ruzuku kwa kikundi lakini ni deni kwa taifa, na hiyo ni sababu mojawapo ya maafisa kudai hesabu kwa ukali unaowashangaza wanachama wengi. Uko pia mpango wa FLLoCA wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, ambao pesa zake hupitia hazina za kaunti. Huo haumpi mtu pesa mkononi: mapendekezo hupelekwa kwa kamati ya wadi, na kinachojengwa, kiwe kisima au tuta la kuzuia mafuriko, huwa ni mali ya umma.

Mipango yote hii hukutana katika kalenda ya bajeti, na hapo ndipo ninapowaomba wasomaji wangu watulie kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti iwasilishe Mpango wa Maendeleo wa Mwaka katika bunge lake kabla ya Septemba 1, kwa ajili ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai 1 ya mwaka unaofuata. Karatasi ya mikakati ya fedha hufuata kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya mwisho wa Aprili. Maana yake ni kwamba mahitaji ya mwakani ya wafugaji wa kuku wa Seme, Kisumu, yanapaswa kuwa yamesikika kabla ya Agosti hii kwisha. Hudhurieni mikutano ya ushirikishaji wa umma na mseme, lakini msiishie kusema. Andikeni barua ya ukurasa mmoja, ipelekwe kwa msimamizi wa wadi, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwa katibu. Nimeona barua za namna hiyo zikiambatishwa kwenye maombi mwaka uliofuata, na uzito wake mbele ya wakaguzi huwa mkubwa, kwa sababu zinaonyesha kwamba hitaji lilikuwepo kabla ya pesa kutangazwa.

Kisha kiangaliwe kikundi chenyewe. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, katiba ya kikundi na viongozi waliochaguliwa, na cheti cha usajili hudumu miaka miwili kabla ya kuhuishwa. Vyeti vilivyopitwa na wakati huangusha maombi mengi, na ni jambo la kusikitisha, maana ni kasoro inayorekebishika mapema kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Kinachochukua muda zaidi ni kumbukumbu. Mkaguzi akija hufungua daftari la mihutasari, halafu taarifa ya benki, halafu huanza kulinganisha. Mkutano wa Machi unasema wanachama walichanga shilingi 6,000: je, zipo shilingi 6,000 zilizowekwa benki juma lile? Katibu aliyeandika ukurasa mmoja baada ya kila mkutano, wahudhuriaji wakatia saini, hujibu bila wasiwasi. Daftari lililojazwa lote usiku mmoja kwa kalamu ile ile na mwandiko ule ule hutambulika mara moja, na kikundi hupoteza imani ambayo andiko zuri haliwezi kuirudisha.

Ardhi nayo isisahauliwe. Katika boma nyingi za huku kwetu, hati ya shamba ingali ina jina la babu aliyefariki, na kikundi hupanga kujenga banda kwenye kipande alichokitoa mwanachama mmoja kwa nia njema. Siku mwanachama huyo akitofautiana na wenzake au ndugu zake wakirudi kutoka mjini, banda hubaki na mwenye shamba. Wakaguzi hulijua hilo vizuri. Pateni maandishi ya ridhaa ya familia, na ikiwa mnakodi shamba la kilimo, pateni pia idhini ya bodi ya ardhi.

Andiko la mradi lenyewe halihitaji lugha ya kupamba. Linahitaji hesabu zinazofuatika, na udhaifu mkubwa ninaokutana nao uko kwenye bajeti. Tuseme kikundi kinataka kulea vifaranga 300 wa kienyeji. Bajeti dhaifu huandika tu, «Chakula: shilingi 50,000», na msomaji hana njia ya kujua kama ni nyingi au ni kidogo. Bajeti imara huandika kwamba kifaranga mmoja hula takriban kilo 2 za chakula katika majuma manane ya kwanza, kwamba vifaranga 300 watahitaji kilo 600, yaani mifuko 12 ya kilo 50, na kwamba bei ya mfuko imechukuliwa kutoka maduka matatu yaliyotajwa, karatasi zake zikiwa zimeambatishwa. Huendelea hivyo hivyo kwa maranda, taa za joto na chanjo ya Newcastle. Kama kikundi kinaomba mashine ya kuangulia mayai, andiko lieleze umeme ukikatika usiku wa siku ya kumi na nane mayai yataokolewa vipi, kwa sababu mayai ya kuku huchukua siku 21 na kasoro moja ya joto huweza kuharibu kundi zima. Aliyefikiria jambo hilo huaminika kwamba amewahi kufuga. Pale ambapo mradi unataka mchango wa wanachama, nguvu kazi, mawe, mchanga na miti huhesabiwa pia, mradi tu vipewe thamani kwa maandishi.

Mtu akiwapigia simu kudai ada ya kusukuma faili, msilipe. Andikeni nambari na tarehe, mpeleke taarifa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Naumia kila ninaposikia akina mama waliochanga akiba ya miezi wakampa tapeli aliyetaja jina la hazina halisi.

Ombi likikataliwa, wengi huondoka kimya na kusema waliochaguliwa walikuwa na watu wao. Huenda ni kweli na huenda si kweli, lakini iko njia ya kujua. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Tajeni jina la kikundi, nambari ya cheti na tarehe mliyowasilisha ombi, kisha mwombe alama mlizopata katika kila kipengele pamoja na sababu za uamuzi. Ofisi ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na inamtaka afisa amsaidie mtu asiyejua kusoma na kuandika kuwasilisha lake.