Mashine ya EFD haikuletwa na Ujamaa

Kila ikikaribia tarehe 30 Juni, wateja wangu wa Kariakoo huniletea mahesabu ya mwaka kwenye boksi la viatu. Risiti zimejikunja, nusu yake wino umeshapauka hazisomeki. Na boksi haliji bure, linakuja na hotuba. Ya wiki hii imetolewa na mama mmoja muuza vitenge, mteja wangu wa miaka mingi: "Mwanangu, nchi hii haijaacha ujamaa. Ingekuwa ya kibepari kweli, serikali isingenigusa. Leseni, TRA, zimamoto, hii mashine ya risiti, vyote ujamaa mtupu."

Ninamheshimu, lakini maneno haya nimeyasikia mpaka masikio yameota sugu. Safari hii nayajibu kwa maandishi, pamoja na mengine yanayofanana nayo, moja baada ya jingine.

"Serikali ikigusa biashara, huo ni ujamaa"

Tuangalie tarehe kwanza. TRA, mamlaka ya mapato, ilianza kazi Julai 1996. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilianza kutozwa Julai 1998. Sheria ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ni ya 2001, ya Tume ya Ushindani ni ya 2003, na mashine za EFD, za kutolea risiti za kodi, zilianza kuonekana madukani 2010. Mwalimu Nyerere aliondoka Ikulu 1985 bila kuacha hata kimoja kati ya hivyo. Vyote vimekuja baada ya sheria ya 1991 kuruhusu benki binafsi na ya 1992 kuruhusu maduka ya kubadilishia fedha. Soko huria ndilo lililovizaa.

Na kuna sababu. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967, na kesho yake benki zikataifishwa. Zikafuata bima, biashara ya nje, biashara ya jumla na viwanda vikubwa. Mwaka 1973 ikaja sheria ya kudhibiti bei, na Tume ya Bei ikawa ndiyo inayopanga sabuni iuzwe shilingi ngapi. Sasa fikiria: kiwanda ni cha serikali, shirika linalouza jumla ni la serikali, bei imepangwa na serikali. Kodi inakatwa huko huko kiwandani kabla mzigo haujapakiwa kwenye lori. Mashine kwenye kaunta ya kazi gani? Serikali ilipouza viwanda na kumwachia kila mtu aagize anachotaka, auze kwa bei anayotaka, hela ya kodi ikatawanyika kwenye maelfu ya fremu. Ikabidi ikafuatwe huko.

Mama yangu wa vitenge anaagiza mzigo Guangzhou bila kuomba kibali cha fedha za kigeni. Mwaka 1980 angeomba, na pengine asingepata. Ile mashine anayoichukia ndiyo bei ya uhuru huo.

Tena kuna upande mwingine ambao watu hawautazami kabisa. Kwenye kibao chake ameandika "Ltd", kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko jina lake. Nani kampa hiyo Ltd? Ni serikali, kupitia BRELA, wakala wa kusajili kampuni. Maana yake kampuni ikifilisika, wanaomdai wanaishia kwenye mali ya kampuni, nyumba yake ya Mbagala hawaigusi. Hakuna soko lolote duniani lililojitungia kinga ya namna hiyo lenyewe. Ni sheria iliyotungwa na Bunge na kusimamiwa na mahakama. (Kinga hiyo ina masharti, na hapa narudia wimbo wangu: usichanganye hela ya duka na ya nyumbani, funga daftari la mauzo kila jioni, na usisaini dhamana binafsi benki bila kuisoma. Ukichota kwenye droo ya kampuni kama unachota kwenye mtungi wako, siku ya kesi usinipigie simu.)

Anayetaka kuiona biashara ambayo serikali haijaigusa, aangalie kilemba, ile hela ya kuingilia kwenye fremu. Unampa mwenye fremu mamilioni mkononi, hakuna mkataba wala risiti. Huo ndio uhuru kamili anaoutamani mteja wangu, na aliuonja. Mwenye fremu alipopata mtu wa dau kubwa zaidi, mama aliambiwa ahame ndani ya mwezi. Alikuja ofisini kwangu akilia, akauliza tumshitaki wapi. Tumshitaki kwa karatasi ipi, mama?

Kwenye hoja moja namuunga mkono. Tozo na leseni zinazopishana zinachosha, na serikali yenyewe ilikiri mwaka 2018 ilipotoa mpango wake wa kuzipunguza. Lakini hiyo ni kasoro ya usimamizi. Ukiiita ujamaa utaishia kupigana na mtu aliyestaafu 1985, wakati barua inatakiwa iende halmashauri.

"Ardhi iko chini ya Rais kwa sababu ya Nyerere"

Wajerumani ndio waliotangaza 1895 kwamba ardhi ya koloni ni ya dola yao. Waingereza wakaja na sheria yao ya 1923, ardhi ikawa chini ya gavana. Mabepari wote hao. Alichofanya Nyerere ni kufuta, 1963, umiliki wa milele uliokuwa kwa wachache, ukageuzwa kuwa wa kupangishwa na serikali. Sheria za 1999 zikaacha ardhi mikononi mwa Rais kama mdhamini. Kwa hiyo ukinunua kiwanja, angalia hati imebakiza miaka mingapi. Mwisho kabisa ni 99. Wateja wangu huangalia rangi ya geti.

"Ushirika ni mambo ya ujamaa"

Chama cha ushirika cha KNCU, Kilimanjaro, ni cha 1933, enzi za mkoloni, kikiuza kahawa ya wakulima wenye mashamba yao wenyewe. Serikali ya Ujamaa ndiyo iliyovunja vyama vikuu vya ushirika 1976, ikavirudisha kwa sheria ya 1982. Aliyeniambia AMCOS, ushirika wa wakulima wa siku hizi, ni ukomunisti alikuwa mnunuzi wa korosho aliyezidiwa bei mnadani.

"Kenya walichagua ubepari, wala hawakuficha"

Waraka uliopanga uchumi wao, Namba 10 wa 1965, jina lake lilikuwa Ujamaa wa Kiafrika. Ulikaribisha mtaji binafsi na wa kigeni. Jina la mfumo halikwambii kilichomo, fungua ndani usome.

"Sweden ni wajamaa na wanaishi vizuri"

Viwanda vyao vingi ni vya watu binafsi, na hawana hata sheria ya kima cha chini cha mshahara. Vyama vya wafanyakazi na waajiri hukubaliana wenyewe. Wana kodi kubwa, basi.

"Enzi za Mwalimu shule na hospitali vilikuwa bure"

Hii husemwa na upande wa pili, wanaomlilia Mwalimu, na inanikera karibu sawa. Watoto walisoma kweli, na elimu ya msingi kwa wote ilitangazwa rasmi 1977. Lakini mkulima wa kahawa na pamba ndiye aliyelipa, kwa bei ndogo aliyopewa na mamlaka ya zao, na wafadhili wakajazia. Mwanzoni mwa miaka ya 80 mkulima alipochoka kuuza kwa hasara, fedha za kigeni zikakauka, na sote tukapanga foleni ya sukari.

Haya yote nilimweleza mama, boksi likiwa katikati yetu mezani. Alisikiliza mpaka mwisho, akipanga risiti kwa miezi. Kisha akauliza hiyo VAT, kama si Nyerere, ilianza wakati wa nani. Nikamwambia wakati wa Mkapa.

Akafikiri kidogo. "Kumbe na Mkapa naye alikuwa mjamaa."