Dibla na ukoo wake wa kuukeni

Mwaka 1967, kwenye vichaka vya Cheyne Beach huko Australia Magharibi, alinaswa mnyama ambaye hakuwa ameonekana kwa zaidi ya miaka 80. Wengi walishamhesabu kuwa ametoweka. Mwaka 1985 wakapatikana wengine katika visiwa vya Boullanger na Whitlock, karibu na Jurien Bay.

Huyo ni dibla, Parantechinus apicalis. Kwa umbo utamdhani panya, lakini ni wa jamii ya marsupialia, wanyama wanaolea watoto mfukoni kama kangaruu. Ana duara jeupe kuzunguka jicho, na huwinda wadudu, buibui na mijusi. Mbweha na paka shume walioletwa na wageni wamemmaliza sehemu nyingi.

Sisi tunaosoma vinasaba tunamfuatilia kwa mama yake. Vinasaba vingi vimo ndani ya kiini cha seli, nusu ya baba na nusu ya mama. Mitokondria, zinazoipa seli nguvu, zina vyake pembeni: pete moja fupi ambayo mtoto huipata kwa mama. Ni ukoo wa kuukeni mtupu.

Pete ya oposamu wa Virginia, marsupialia wa kwanza kusomwa pete nzima, ilichapishwa mwaka 1994: herufi 17,084, yaani vipande vidogo vya kemikali vinavyopangwa kuunda vinasaba. Ya binadamu ina 16,569. Marsupialia wana jambo lao linalonivutia sana. Jeni moja ndogo, ya kubebea asidiamino (tofali la kujengea protini) iitwayo laisini, imeharibika ndani ya pete, na mitokondria huchukua kibebeo hicho kutoka kwenye kiini. Asiyejua hili ataona pengo na kudhani amekosea kusoma.

Kila seli ina nakala nyingi sana za pete hii, kwa hiyo hata unywele, kinyesi au ngozi kuukuu ya makumbusho yaweza kutosha. Ndivyo ilivyosomwa pete ya thailasini, marsupialia wa Tasmania aliyefanana na mbwa, mwaka 2009, miaka mingi baada ya mnyama huyo kutoweka.

Kwa dibla, swali ni la uzazi. Bahari ilipopanda, wa visiwani walitengwa na wa bara kwa maelfu ya miaka. Bustani ya wanyama ya Perth imekuwa ikiwazalisha tangu 1997: je, wachanganywe? Pete husaidia kujibu, ila mimi nisingeamua kwa pete peke yake. Mchango wa baba haumo humo hata chembe, na makundi mawili yanayofanana kuukeni yaweza kuachana mbali kuumeni. Lazima kiini nacho kisomwe.

Mwaka 2019 dibla waliachiliwa kisiwani Dirk Hartog, Australia Magharibi. Ikiwa majike waliopelekwa walitofautiana pete, basi kipande kidogo cha ngozi ya sikio la mjukuu aliyenaswa huko chaweza kuonyesha ni uzao wa bibi yupi mzaa mama ulioshika mizizi.