Brufen na Panadol si kufukuzwa kwa adabu

Mtu akianguka na punda pale Mkomani, Lamu, mkono ukavimba, akifika hospitali akapewa Brufen (ibuprofeni) na Panadol (parasetamoli), jamaa zake hununa: "Hata sindano hawakumdunga!" Watu wanaamini maumivu makali hayatulizwi ila na dawa za jamii ya mofini.

Sivyo. Mwaka 2017 watafiti wa New York walichapisha jaribio la watu wazima 411 waliofika idara ya dharura na maumivu ya ghafla ya mkono au mguu. Kundi moja lilimeza ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli 1,000. Makundi matatu yalipewa parasetamoli iliyochanganywa na opioidi, yaani hizo dawa za jamii ya mofini. Baada ya saa mbili, nafuu haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Ibuprofeni hutuliza uvimbe palepale penye jeraha, parasetamoli hufanya kazi zaidi kwenye ubongo, hivyo zinasaidiana.

Ila opioidi za jaribio hilo zilikuwa vidonge, si sindano. Mfupa uliotokeza nje bado unahitaji mofini. Na mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au mimba kubwa asipewe ibuprofeni.