Kwa nini tairi mbili mpya zifungwe nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele?

Ukiwa na hela ya tairi mbili tu, unazifunga wapi? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa mbele, na nililisema kwa kujiamini. Gari langu dogo linavuta kwa mbele, usukani unageuza mbele, injini imekalia mbele, na ukikanyaga breki uzito unakimbilia hukohuko. Magurudumu ya nyuma niliyaona kama wasindikizaji wa harusi. Fundi tairi wangu hapa Arusha hakunibishia. "Mbele ndiko kwenye kazi, kaka," alisema, tukafunga.

Kosa hili ni gumu kung'oka kwa sababu hoja zake zote ni za kweli. Tairi za mbele za gari la namna hiyo kweli hufanya kazi zaidi na huisha mapema. Tatizo ni swali lenyewe. La kuuliza ni hili: upande gani ukiteleza, dereva anabaki bado na la kufanya?

Zikiteleza za mbele, gari hugoma kukata kona, likanyoosha moja kwa moja. Inatisha, ila unaisikia mkononi, usukani unakuwa mwepesi. Ukiachia mafuta, mwendo hupungua, uzito husogea mbele, na mara nyingi tairi hushika tena. Zikiteleza za nyuma, usukani haukuambii kitu. Habari unaipata kwa makalio, na wakati huo mkia umeshatoka. Mguu nao, kwa woga, huachia mafuta au kukanyaga breki ghafla, jambo linalozidi kuupunguzia mkia uzito.

Chukua mshale. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hufunga manyoya mkiani, si karibu na ncha. Manyoya hayo hayausukumi mshale wala hayauelekezi. Mkia ukianza kuyumba, hewa huyapiga ubavuni na kuurudisha nyuma ya ncha. Yahamishie mbele, mshale utataka kugeuka hewani. Tairi za nyuma ndizo manyoya ya gari. Usukani hauzigusi, lakini kila mkia unapotaka kuondoka, mshiko wao wa ubavu ndio unaoukatalia.

Kwenye lami kavu na mwendo wa mjini, huenda usione tofauti yoyote, na nadhani ndiyo maana mimi na fundi tuliishi na imani yetu kwa amani. Mambo hubadilika masika, kwa mfano ukiteremka kuelekea daraja la Kikafu kwenye barabara ya Moshi. Tairi mpya ya gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 7 hadi 8 ya kupitishia maji. Tairi ya kipara haina pa kuyapeleka, kwa hiyo hupanda juu ya maji hayo. Tena hapa kuna ujanja mmoja: barabara ikinyooka, tairi za mbele huwafagilia wenzao wa nyuma sehemu ya maji. Kwenye kona, za nyuma hupita njia yao ya ndani kidogo, na maji yake hayajafagiliwa.

Hii si ruhusa ya kuhamishia kipara mbele. Chini ya milimita 1.6, kikomo cha sheria Ulaya, tairi haifai kokote. Na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hutaka tairi nne zinazolingana.

Ukiwa umeinama huko nyuma, soma jinsi tairi ilivyolika. Ikiisha katikati, upepo ulizidi. Kingo zote mbili, ulipungua. Upande mmoja, nenda alaimenti, yaani kunyooshewa magurudumu. Mabakamabaka, anza na shokapu. Kisha tafuta tarakimu nne ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi za nyuma za gari la kuvuta mbele huisha polepole kiasi kwamba huzeeka kabla ya kulika. Zangu zilisomeka 0812, yaani wiki ya 8 ya mwaka 2012. Mifereji ilikuwa bado mizuri, mpira mgumu kama soli ya kiatu.